Kabla Hujalipia Darasa Lingine la Biashara

Leo siji na mbinu ya kupata wafuasi elfu kumi kwa wiki moja. Nina jambo linanikaa kooni tangu mwaka jana na nimeona niliseme hapa, maana wengi humu tunauza kwa simu na najua siko peke yangu.

Mwaka jana nililipa shilingi 45,000 kuingia darasa la WhatsApp la kukuza biashara mtandaoni. Wiki nne. Tukafundishwa kuandika maono ya biashara, tukafundishwa aina za mtaji, tukafundishwa rangi gani inavutia kwenye nembo. Mwalimu anaongea vizuri, sikatai. Lakini mimi nauza parachichi na mchele wa Kyela, niko hapa hapa Tukuyu, na mwezi ule ule maboksi yangu mawili ya parachichi yalifika Dar yameshaanza kuoza. Mteja kanitumia picha, nikatamani ardhi inimeze. Nikauliza kwenye grupu nifanyeje. Nikajibiwa nisikate tamaa, changamoto ndiyo shule.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Kiwira, anauza parachichi tangu mimi sijajua hata kushika simu. Aliangalia boksi langu akacheka. "Mwanangu, wewe unachuma kwa kuvuta? Kata, acha kikonyo." Tunda ulilong'oa kikonyo linabaki na kidonda, na uozo unaingilia hapo hapo. Akanionyesha kupanga safu chache, kutoboa boksi pembeni lipitishe hewa, na kutochuma tunda likiwa limelowa. Hilo la mwisho kwa mvua za Rungwe ni mtihani, wenyeji mnanielewa. Dakika ishirini, bure. Siku ya pili nilimpelekea sukari kilo mbili na aliniona kama nimezidisha.

Sasa kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu baadaye nilikuja kujua kwamba kisa changu na yule mama kimeshapimwa na wasomi, tena kwa hesabu, na majibu yapo. Sisi tu hatujaambiwa.

Dandora ni mtaa wa Nairobi, wale wa Kenya wanaujua kwa jalala lake kubwa. Wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo ndogo pale wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likaingia darasani kufundishwa biashara kama tunavyofundishwa sote. Kundi la pili kila mmoja akapewa mwanamke mzoefu wa biashara wa mtaa huo huo, wawe wanakutana na kuongea. Kundi la tatu halikupewa kitu, ili wapate cha kulinganishia. Matokeo walichapisha mwaka 2018. Waliosoma darasani faida yao haikuongezeka. Waliopewa mwenzao mzoefu, faida ilipanda kwa wastani wa asilimia 20.

Na faida haikutoka kwenye maneno makubwa. Sehemu kubwa ilikuwa habari za pale pale mtaani: mzigo unanunuliwa wapi kwa bei nafuu, msambazaji yupi umwache. Vitu ambavyo hakuna kitabu kinaweza kukuandikia, kwa sababu mwandishi wa kitabu hajui nani Kiwira anauza maboksi mazuri wala konda yupi wa basi anatupa mizigo.

Kuna upande wa pili wa utafiti huo na lazima niuseme, nisije nikawa nauza maneno na mimi. Faida ile ilipungua kadiri wale wawili walivyoacha kukutana. Nilijiangalia nikaona ni kweli. Mimi mwenyewe nilipoacha kupita kwa mama wa Kiwira, nilirudia makosa mengine ambayo angeyaona kwa jicho moja.

Mtu atasema hiyo ni Kenya, tena mjini. Haya, turudi kwetu. Mwaka 2008 watafiti wa Norway, Berge, Bjorvatn na Tungodden, walifanya jaribio Dar es Salaam kwa wateja wa mikopo wa PRIDE Tanzania. Walimu walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vipindi 21, kila kimoja dakika 45. Wengine wakapewa pia shilingi 100,000 ya kuingiza kwenye biashara, sio mkopo, ya kupewa kabisa. Kwa wanaume mambo yalibadilika, hasa waliopata darasa na pesa pamoja. Kwa wanawake mabadiliko yalikuwa madogo sana.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri, maana humu wengi ni kina mama na kina dada. Darasa moja, mwalimu yule yule, pesa ile ile. Kwa nini kwa kaka ifanye kazi na kwa dada isifanye? Wapo watakaosema wanawake hawana akili ya biashara, na hao wakapite sokoni Kiwira saa kumi na mbili asubuhi wahesabu nani amekaa nyuma ya mzigo. Mimi naona jibu liko nyumbani. Wewe unafundishwa kurudisha faida kwenye mtaji, unafika nyumbani ada inadaiwa, gesi imeisha, mdogo wake mume anaumwa, na kila mtu anajua leo umeuza kwa sababu ameona umeposti "sold out". Pesa ya mwanamke inaonekana na kila mtu. Darasa halikufundishi kuificha.

Na ushahidi wa hili upo. Kule Bumala, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wafanyabiashara wadogo akaunti za benki ya kijijini. Akaunti yenyewe haina riba, na ukitoa hela unakatwa. Kwa hesabu ya kawaida ni akaunti mbovu. Lakini kina mama wa sokoni waliopewa akaunti ile waliongeza pesa wanayoingiza kwenye biashara kwa zaidi ya theluthi. Waendesha bodaboda, wanaume, hawakuonyesha mabadiliko hayo. Matokeo yalichapishwa 2013. Mama hakuhitaji kufundishwa faida ni nini. Alihitaji mahali pa kuiweka pesa pasipofikika kirahisi.

Kwa hiyo dada yangu unayeuza madira au vipodozi hapa Tukuyu: laini ya biashara iwe laini nyingine kabisa, na namba yake ya siri usiitumie kununulia umeme wa nyumbani. Kikoba kinafanya kazi hiyo hiyo, ndio maana bibi zetu walicheza upatu bila semina. Sisemi umfiche mume. Nasema pesa ikishaingia mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu, unapata nafasi ya kusema "imeshaingia kwenye mzigo" na inakuwa kweli.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote lakini ni wa chenji. Ndio, chenji. Magharibi mwa Kenya huko huko, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson waligundua kwamba wauza maduka madogo na vibanda wanapoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yao kwa sababu tu hawana chenji. Mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji anaanza kuzunguka kwa majirani, mteja anaondoka. Kama faida yako kwa mwezi ni laki mbili, hiyo ni elfu kumi mpaka elfu kumi na sita imeondoka kwa kukosa sarafu!

Kilichonishangaza ni jinsi tatizo lilivyopungua. Watafiti walikuwa wanapita kila wiki kuuliza: wiki hii umekosa wateja wangapi kwa sababu ya chenji? Lile swali lenyewe, kuulizwa tu, liliwafanya watu waanze kubeba chenji. Hakuna aliyewafundisha kitu. Walikuwa hawajawahi kukaa wakaihesabu ile hasara, kwa sababu mteja aliyeondoka haandikwi kwenye daftari. Daftari letu lina waliolipa tu.

Sisi wa mtandaoni chenji yetu ni nini? Nimeanza kuandika. Mteja kauliza bei saa mbili usiku, mimi bando limeisha, namjibu kesho yake saa nne, ameshanunua kwingine. Mteja anataka kilo tano za mchele, mimi nina mifuko ya kilo kumi na ishirini na tano tu. Mteja wa Mbeya anataka mzigo leo, na mimi nategemea gari moja tu la jamaa yangu, akishaondoka basi. Wengine wanaandika "bei njoo inboksi", mteja hana muda wa kuja inboksi, anapita. Hivi vyote havionekani kama hasara kwa sababu hakuna kilichooza.

Sasa niseme ukweli, tafiti hizi hazikufanyika Rungwe, na hakuna hata moja iliyohusu kuuza kwa simu. Dandora hakuna mgomba. Mwanamke wa Bumala anakaa na mzigo wake sokoni, mimi mteja wangu yuko Kigamboni sijawahi kumwona. Kwa hiyo sisemi chukueni kila kitu kama kilivyo. Nasema kati ya ushahidi huu na mtu anayeuza darasa kwa picha za miamala, mimi najua nani alihesabu na nani hakuhesabu.

Na hapa nina ugomvi mdogo na wasomi wenyewe. Watu wa Rungwe hatujaanza jana kuchunguzwa. Monica Wilson alikuwa akiishi na babu zetu miaka ya 1930 akiandika namna Wanyakyusa wanavyoishi, na kitabu chake Good Company kilitoka 1951. Leo vijana wa vyuo, Mbeya peke yake kuna kampasi ya Mzumbe na MUST, wanakuja na madodoso yao. Nimeshajaza matatu. Mtaji wako shilingi ngapi, umesoma mpaka darasa la ngapi, changamoto ni zipi weka tiki. Nusu saa nzima wateja wanapita. Wanashukuru, wanaondoka, wanahitimu, wanavaa joho. Tasnifu inawekwa kwenye maktaba ya chuo kwa Kiingereza. Muuza vitumbua aliyejaza fomu haoni hata ukurasa mmoja.

Siwachukii, ni watoto wetu, na wengine tumewalipia ada kwa mikungu hii hii ya ndizi. Lakini siku hizi mimi nina masharti. Akija na barua yake ya utambulisho namkaribisha, namwambia: mwanangu nitakujazia, ila na wewe niandikie namba yako hapa, na ukimaliza unitumie ukurasa mmoja wa Kiswahili, au voisi ya dakika tatu, mlichogundua. Wa kwanza alicheka akidhani natania. Wa pili alinitumia kweli, na kwenye voisi yake nilijua kwamba wauzaji wenzangu wengi mjini hapa wananunua vifungashio kwa mtu wa kati wakati vinapatikana Mbeya kwa bei ya chini. Hiyo tu imenirudishia zaidi ya ile 45,000 ya darasa.

Kwa anayetaka kulipia darasa bado, sina nguvu ya kukuzuia, na yapo ya ufundi mahususi yanayosaidia: kupiga picha kwa simu, kusindika, kufungasha. Muulize tu mwalimu maswali mawili kabla hujatuma hela. Unauza nini wewe mwenyewe, mbali na hili darasa? Na waliosoma mwaka juzi naweza kuongea na watatu, niwachague mimi, sio uliowachagua wewe?

Wiki iliyopita nilifungua ukurasa mpya nyuma ya daftari nikaandika juu "Walioondoka". Jumatatu mpaka Jumamosi wamefika tisa. Wanne ni wa kilo tano za mchele. Watatu niliwajibu nimechelewa. Mmoja alitaka parachichi zilizoiva tayari, huyo simlaumu wala sijilaumu. Mmoja sijui kwa nini, nimemwandikia kumuuliza, ameona, hajajibu bado. Mifuko ya kilo tano nimeshaagiza Mbeya, inakuja Alhamisi.