Joka la Nabii Musa (A.S.) na Majoka ya Sinema

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulikuwa tukiwasomesha watoto wa madrasa kisa cha Nabii Musa (A.S.) mbele ya Firauni. Tulipofika pale fimbo ilipotupwa chini ikageuka joka, mtoto mmoja wa miaka tisa akanyanyua mkono na kuuliza: "Ustadhi, lilikuwa linatema moto?" Kabla hatujajibu, mwenzake akamkatiza kuwa linalotema moto ni Drogon, na kwamba majoka yote hutengenezwa kwa kompyuta. Darasa zima likacheka. Tulipomuuliza amemwona wapi huyo Drogon, akasema nyumbani, baba anapotazama usiku akidhani watoto wamelala. Baba huyo tunasali naye safu moja.

Tusieleweke vibaya. Wapo ndugu zetu wahubiri wanaopanda mimbari na kutangaza kuwa sinema yoyote yenye joka ni shirki. Kauli hii haina dalili. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.) farasi mwenye mabawa mawili, akamuuliza vipi farasi awe na mabawa, naye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman (A.S.). Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Wanavyuoni kama al-Qazwini na ad-Damiri wameandika habari za joka katika vitabu vyao vya viumbe, na bibi zetu wa pwani wametulea kwa visa vya mazimwi na vya Nunda mla watu, wala hatujasikia aliyeritadi kwa sababu ya Nunda. Mhubiri anayepiga kelele juu ya joka lenyewe humpa kijana sababu ya kumcheka, na siku akisema la haki hasikilizwi.

Tunachokilalamikia sisi ni kile kilichopandishwa mgongoni mwa joka.

Tuchukue tamthilia ya Game of Thrones, iliyooneshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, kisha ikafuatiwa na House of the Dragon mwaka 2022. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya ile ya mwanzo, majoka yenyewe hayajaanguliwa bado, lakini kaka na dada, tena pacha, wameshazini, na mtoto aliyewaona amesukumwa kutoka dirishani. Katika ile ya pili ami anamuoa binti wa nduguye, na ukoo wa wenye majoka unajivunia kuoana ndugu kwa ndugu. Hao wote ni maharimu kwa nassi ya Suratun Nisaa. Kisha yupo kuhani wa kike wa mungu wa moto, ambaye katika msimu wa mwaka 2015 anamfanya mfalme amchome moto binti yake mdogo angali hai. Ni kweli mfalme yule hakuupata ushindi alioahidiwa. Lakini mwaka uliofuata kuhani huyo huyo anamsomea maiti maneno yake, na maiti anaamka! Nabii Isa (A.S.) alifufua kwa idhini ya Allah, huyu anafufua kwa idhini ya nani? Na hii ni nchi ambamo watu wenye ualbino wameuawa kwa ahadi za waganga za utajiri, hata serikali mwaka 2009 ikafuta leseni za waganga wa jadi.

Tunaambiwa: "Sisi ni watu wazima, tunaruka sehemu chafu." Mtaruka nini? Vita vyote vya tamthilia ile vimesimama juu ya swali la watoto wa yule malkia ni wa nani, na jibu ni kuwa ni wa kaka yake. Ukiuondoa uchafu ule, kisa chenyewe kinaanguka.

Wengine husema: "Ni hadithi tu." Mufassirina wamemtaja an-Nadhr bin al-Harith katika tafsiri ya aya ya sita ya Suratu Luqman. Bwana huyu alijifunza visa vya wafalme wa Uajemi, vya Rustam na Isfandiyar, akirudi Makka akawa anakaa pale alipotoka kukaa Mtume (S.A.W.) na kuwauliza watu ni nani kati yao mwenye maneno mazuri zaidi. Visa hivyo, kama alivyovitungia mashairi Firdausi karne nne baadaye, vina majoka: Rustam ameua lake na Isfandiyar lake. Hatujui kama an-Nadhr aliwasimulia Makureshi habari za joka. Kosa lake lilikuwa pale alipochagua kukaa, na saa aliyochagua. Game of Thrones ina sehemu 73, karibu saa 70 za kutazama. Anayesoma juzuu moja kwa saa moja angemaliza khitma mbili na kubakiwa na muda.

Ama katuni, tusizichanganye na hayo. How to Train Your Dragon ya mwaka 2010, iliyotengenezwa upya na waigizaji mwaka 2025, haina uchi. Ina kijana anayekaidi amri ya baba yake kisha mwisho wake anaonekana ndiye mwenye haki, na ina watu wanaotaja Odin na Thor kama sisi tunavyomtaja Allah. Mzazi akikaa na mwanawe akamfafanulia, hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na anayemwachia simu baina ya Magharibi na Isha, saa ya chuo, ili apate utulivu.

Yule mtoto tulimjibu kwamba Qur'ani imetaja joka la wazi na haikutaja moto, nasi hatuongezi. Tukamwambia pia kuwa wachawi wa Firauni walikuwa mabingwa wa kiini macho wa zama zao. Walijua hasa vitu vya kutengenezwa vinavyokuwa, na ndio waliokuwa wa kwanza kusujudu siku ile. Akauliza: "Na wao walikuwa na kompyuta?" Tukasema walikuwa na kamba na fimbo. Akanyamaza, akawa anafikiri.

Baba wa yule mwenzake tumemwomba aje madrasa. Ameahidi Jumamosi baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.