Tabora Isitegemee Tumbaku Pekee

Kampuni ya Kijapani ya Daiichikosho iliingia mwaka 1976 katika biashara ya karaoke, yaani mashine zipigazo muziki ili mteja aimbe mwenyewe. Faida ilipopatikana haikubweteka. Ilifungua pia migahawa na maegesho ya magari.

Unyanyembe yetu iliishi kwa misafara ya pembe na watumwa iliyoelekea pwani, ikiwatajirisha wachache. Reli ilipofika mwaka 1912, wapagazi walibaki na mabega matupu. Leo tegemeo kubwa ni tumbaku, inayokaushwa kwa kuni za miombo, miti ile ile iwapayo nyuki maua! Tunawataka viongozi wa ushirika watenge sehemu ya mapato ya tumbaku kuendeleza asali sasa, wanunuzi wangalipo.