Vumbi la Ujenzi Nalo Lihesabiwe

Ujenzi wa umma huanza kwa hesabu. Huhesabiwa mifuko ya saruji, matofali, tripu za mchanga na kokoto, na siku za kazi za mafundi. Ikipotea mifuko mitano ya saruji, msimamizi hudaiwa maelezo. Lakini kipo kitu kinachotoka katika kila kiwanja cha ujenzi ambacho hakiandikwi popote, nacho ni vumbi.

Jambo hili linawahusu sana walimu na watumishi wa halmashauri. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya Uviko-19. Ujenzi wa namna hiyo hufanywa na mafundi wa mahali, chini ya kamati za shule, na mwalimu mkuu ndiye huwa msimamizi. Mara nyingi darasa jipya huinuka ubavuni mwa la zamani, huku watoto wakiendelea kusoma.

Katika kata ya Kamunyonge, mjini Musoma, suala hili halina budi kuangaliwa kwa makini. Musoma ni mji wa majabali ya graniti, na upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Kiangazi kinapokausha udongo, vumbi la kiwanja cha ujenzi hufuata upepo huo hadi madarasani na majumbani.

Vumbi la kuogopwa zaidi si lile linalotua juu ya madawati. Chembe ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita huvutwa pamoja na pumzi, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Graniti ina silika, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kumweka mtu katika hatari ya kupata kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa kimataifa waliliweka vumbi hilo katika orodha ya visababishi vya saratani.

Wapo watakaosema kuwa vumbi halihesabiki bila mitambo ya gharama kubwa. Sivyo. Wataalamu wa mazingira wa Marekani walipima viwanja vya ujenzi katika sehemu kavu, wakakadiria kuwa hekta moja hutoa takriban tani 2.7 za vumbi kwa kila mwezi wa kazi. Eneo likizidishwa kwa muda, makadirio hupatikana. Kisha hurekebishwa kwa kuangalia unyevu na ulaini wa udongo. Kwa kiwango hicho, kiwanja cha robo hekta hutoa tani 2 hivi kwa miezi mitatu.

Ni kweli kwamba kiwango hicho hakikupimwa Musoma, na kwamba vumbi laini ni sehemu tu ya tani hizo. Hata hivyo, makadirio yanatosha kumwonyesha msimamizi ukubwa wa jambo na dawa yake. Wataalamu hao hao walikadiria kuwa kumwagia maji kiwanja chote mara mbili kwa siku huweza kupunguza vumbi hadi nusu. Hiyo ni tani nzima, kwa gharama ya maji, katika mji ulio kando ya ziwa.

Hatua nyingine pia si ngumu. Mchanga ufunikwe kwa turubai, malori yaende polepole, kokoto zipasuliwe mbali na madarasa, mafundi wapewe barakoa, na uchimbaji wa msingi ufanywe wakati wa likizo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo. Kinachotakiwa ni kila halmashauri kuongeza mstari mmoja katika makadirio ya gharama za ujenzi: maji, turubai na barakoa. Darasa hujengwa kwa ajili ya mtoto. Si haki mtoto huyo alilipie kwa mapafu yake.