Biskuti ya Siagi Haingoji Kiwanda

Imekuwa desturi mjini Kampala kudhani kwamba biskuti ni mali ya kiwanda, na kwamba mama wa nyumbani hana sehemu yake katika jambo hilo isipokuwa kutoa fedha. Aingiaye soko la Nakawa hukuta unga wa ngano, unga wa muhogo, sukari na mdalasini. Maziwa nayo hayako mbali. Hata hivyo mama aliyekwisha kununua vyote hivyo husimama tena dukani kumnunulia mtoto pakiti ya biskuti zilizokandwa kwa mafuta ya mawese. Hatuandiki haya kwa nia ya kuvilaumu viwanda, ambavyo huwapa wananchi kazi. Twauliza tu: ni kitu gani hasa kituzuiacho kuoka biskuti ya siagi nyumbani?

Biskuti tuisemayo asili yake ni Ureno. Katika mji wa Cascais, karibu na Lisbon, huitwa areias, maana yake mchanga, na jina hilo laifaa, kwa kuwa humumunyuka mdomoni punje kwa punje. Wareno walipoitwaa Goa mwaka 1510 walipeleka huko ufundi wao wa kuoka; hadi leo mwoka mikate wa Goa huitwa poder, neno litokanalo na padeiro la Kireno. Wagoa waliokuja Uganda zama za Waingereza, makarani na mafundi cherehani wengi wao, walikuja na desturi ya kuoka vitu vitamu wakati wa Krismasi, mathalani zile bolinhas za nazi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wamekwisha kuondoka, na Wagoa wengi wa Kampala wakaondoka pamoja na mapishi yao. Lugha ndiyo haikufukuzwa. Tupimapo unga kwa kopo juu ya meza, tunatumia maneno mawili ya Wareno bila hata kuwakumbuka. Na muhogo wenyewe ni wao waliouleta Afrika kutoka Brazil.

Kuhusu muhogo, itakumbukwa kwamba tarehe 1 Mei 2022, bei ya ngano ikiwa imepanda kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine, Rais Museveni aliwaambia wananchi katika Sikukuu ya Wafanyakazi kwamba asiyepata mkate na ale muhogo. Wengi walicheka, na wengine walikasirika. Kwa upande wa mkate, waliocheka walikuwa na hoja. Mkate huumuka kwa sababu unga wa ngano ukikandwa hunata na kuvutika, na sifa hiyo muhogo hauna hata chembe. Lakini biskuti ya siagi ni kinyume cha mkate: haitaki kuumuka wala kuvutika, na uzuri wake wote umo katika kuvunjika. Basi upungufu ule ule wa muhogo katika mkate wageuka kuwa faida katika biskuti. Thuluthi moja ya ngano yaweza kuondolewa na mahali pake pakatiwa unga wa muhogo uliokaushwa vizuri na kuchekechwa, na mlaji asinung'unike. Huko Brazil biskuti za wanga wa muhogo, ziitwazo sequilhos, ni chakula cha kawaida. Kwetu sisi, ambao ngano yetu nyingi hushushwa melini Mombasa na ile ya milima ya Sebei ni kidogo, thuluthi hiyo si jambo la kupuuzwa.

Wengi hukata tamaa wasikiapo neno tanuri. Tanuri halihitajiki. Sufuria pana yenye kifuniko, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, mawe matatu madogo na sigiri ya makaa vyatosha. Mchanga hupashwa moto kwa robo saa. Sinia ya bati huwekwa juu ya mawe isiguse mchanga. Kisha makaa machache huwekwa juu ya kifuniko ili moto uje kutoka chini na juu. Biskuti iitwayo mchanga kuokwa juu ya mchanga: nadhani watu wa Cascais wangefurahi kusikia.

Kipimo chake ni chepesi: sukari sehemu moja, siagi sehemu mbili, unga sehemu tatu. Yaani sukari gramu 100, siagi 200, na unga 300, ambao 200 ni ngano na 100 ni muhogo. Siagi na sukari husuguliwa kwa mwiko mpaka zipauke. Hapo hutiwa unga na chembe ya chumvi, na mkono ujizuie, maana kukanda sana huifanya biskuti kuwa ngumu. Hufinyangwa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, thelathini hivi, vikabonyezwa kidogo na kuokwa kwa awamu, kila awamu dakika 15 hadi 20. Zitolewe zingali laini, pembeni tu zikiwa zimeanza kugeuka rangi, kwa kuwa zitakauka zikipoa. Ndipo huviringishwa katika sukari na mdalasini. Kazi hii yafaa ifanywe alfajiri, kabla jua halijaiyeyusha siagi.

Twasema siagi, wala hatusemi Blue Band, ambayo wengi huiita siagi ingawa ni mafuta ya mimea. Katika chakula chenye vitu vitatu tu, kimoja kikiwa cha bandia hakuna pa kukificha. Ni kweli kwamba siagi ya dukani ni ghali. Lakini lita tano hivi za maziwa halisi, zikichemshwa, zikapozwa na kulazwa usiku mahali pa baridi, hutoa malai ya kutosha kupata siagi ya mkupuo mmoja wa biskuti. Malai hayo hutikiswa katika chupa ya mdomo mpana, kama akina mama wa Ankole wanavyosukasuka maziwa kibuyuni, na siagi ipatikanayo huoshwa kwa maji baridi yaliyochemshwa. Maziwa yaliyobaki ni ya watoto, hakuna kinachomwagwa. Machi 2023 bodi ya maziwa ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga, na wauzaji wetu wakahangaika. Yastaajabisha kwamba nchi inayowatafutia maziwa yake walaji ng'ambo ya mpaka inao watoto mjini wasiojua ladha ya siagi.

Kwa Kiganda omuzigo ni siagi, na muzigo ndilo jina la chumba kimoja cha kupanga, ambamo familia nyingi za Nakawa hulala na kupika. Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Kuoka kwa ajili ya watoto chumbani humo kwawezekana, hasa kwa makaa yaliyobaki baada ya maharagwe kuiva, sigiri ikiwa nje mlangoni. Na makaa hayana budi kutumiwa kwa uangalifu, tangu Mei 2023 ilipopigwa marufuku biashara ya kuyachoma katika Uganda ya Kaskazini. Lakini mama akitaka kuuza dukani, huhitaji alama ya Q ya Shirika la Viwango la Taifa (UNBS), na chumba kimoja hakiwezi kamwe kukubalika kuwa mahali pa kutengenezea chakula cha kuuza. Kanuni hiyo ni njema, hatuombi ifutwe.

Tuombalo ni jingine. Taasisi ya Utafiti wa Viwanda (UIRI) iko papa hapa Nakawa, na ina karakana ya kuokea. Imekwisha kuwasaidia wenye viwanda vidogo. Ila mama aokaye biskuti sitini kwa juma si mwenye kiwanda, hata kidogo. Siku moja katika juma tanuri hizo zifunguliwe kwa akina mama wa mtaa kwa malipo madogo, na awepo mtaalamu wa kuwaeleza masharti ya alama ya Q kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Siagi na unga watakuja navyo wenyewe.