Anayesikiliza Kitabu Naye Anasoma

Leo nina neno na wanaosema kuwa mwanamke anayesikiliza riwaya kwenye simu huku akichambua mchele hasomi, anapoteza wakati tu.

Nawafikiria hasa mabibi harusi wetu wanaotoka Unguja na Pemba kwenda kuanza maisha Dodoma. Mume anatoka asubuhi kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anarudi jioni. Nyumbani kumebaki upepo, vumbi na sufuria, shoga wa kupiga naye soga hakuna. Mtoto wa watu akifungua kitabu cha sauti cha Kiingereza, wifi anamwita mvivu. Uvivu uko wapi? Mikono inafanya kazi, masikio yanasoma.

Tena kwa Kiingereza, sikio ndilo mwalimu. Kiswahili chetu unakitamka kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakina ahadi hiyo: though, through na tough zinafanana mkiani, lakini kila moja ina sauti yake, na knife ina k ya pambo. Ndiyo maana wengi tumemaliza skuli tunajua kuandika, tukitakiwa kusema tunaona haya. Haya hiyo haiondoki kwa kukariri daftari. Inaondoka kwa kuwasikia watu wakizungumza, wakigombana, wakiombana radhi, na riwaya nzuri imejaa hayo.

Anzeni na mwana wa kwetu, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika Afterlives, riwaya yake ya 2020 ambayo ipo kwa sauti, binti Afiya anapigwa mpaka mkono unavunjika kwa sababu amejua kuandika. Sikilizeni pale, kisha mniambie nani anafaidika mwanamke akizuiliwa elimu. Humo mtasikia pia uncle, neno moja kwa ami na kwa mjomba! Sisi tungeuliza, wa upande gani?

Na msituambie elimu ya sikio ni ndogo. "Iqra" ilimfikia Mtume wetu (s.a.w.) kwa kusikia. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake, karne ya 19, wanawake wengi wa pwani waliujua kwa kusomewa.

Kwa hiyo, bibi harusi, chagua kitabu cha heshima, adhana ikilia simamisha, kisha endelea. Nanyi waume, mkipanga matumizi ya nyumba, wekeni na bando lake.