Kuchagua Sauti za Kinanda cha Kanisa

Juma hili namjibu mzee mmoja wa kanisa aliyeniletea swali zito. Watu wa kanisa lao wameweka akiba miaka mingi, wengine kwa fedha za kahawa, wengine kwa mishahara ya ukarani, na sasa wataka kuundiwa kinanda cha mabomba. Lakini baraza la wazee limegawanyika. Wako watakao kinanda cha kunguruma kama radi, na wako watakao sauti nyororo za kutoa machozi. Mzee auliza: tuchague zipi? Swali hili si la waimbaji peke yao, kwa maana fedha ni za watu wengi, na kinanda kikisha kuundwa vibaya hakirudishwi dukani kama jembe.

Kwanza tufahamu kazi yake. Hewa husukumwa na feni ya umeme, kama zamani ilivyosukumwa na mtu mwenye mivukuto, nayo hukaa tayari katika sanduku chini ya mabomba. Mpigaji akibonyeza kibao, hewa huingia katika bomba, nalo hulia. Bomba moja hutoa noti moja tu. Basi kinanda chenye vibao 61 chataka mabomba 61 kwa kila aina ya sauti, na mabomba hayo pamoja ni safu moja. Kando ya vibao pana vishikio vya kuvuta, na kishikio kikivutwa safu yake hufunguliwa. Kuchagua sauti ni kuchagua safu, na kila safu ina gharama yake.

Juu ya kishikio huandikwa nambari. Nambari 8 yaonyesha kwamba bomba la wazi la noti ya chini kabisa lina urefu wa futi 8 hivi, na sauti ya safu hiyo ni ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha nyimbo. Nambari 4 hulia oktava moja juu yake, nambari 2 oktava mbili juu, na nambari 16 oktava moja chini. Tena liko jambo la kusaidia wenye fedha chache: bomba likizibwa juu, sauti yake hushuka oktava moja. Kwa hiyo bomba la futi 4 lililozibwa hufanya kazi ya futi 8, na madini au mbao hupunguka nusu.

Jamaa za sauti ni nne. Ya kwanza ni prinsipali, ndiyo sauti ya asili ya kinanda, nzito na wazi. Ya pili ni filimbi, laini na ya mviringo. Ya tatu hufanana na ala za nyuzi, nyembamba na yenye makali kidogo. Ya nne ni zumari, ambazo hulia kwa ulimi wa shaba unaotetemeka. Prinsipali ni ugali, na nyingine ni mboga na kitoweo. Zumari ni pilipili: hupendeza, lakini hapana mtu awezaye kushiba kwa pilipili.

Kosa kubwa ni kujaza sauti za futi 8 tupu. Kosa hili lilienea Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na mmoja wa waliolipinga ni Daktari Albert Schweitzer, yule aliyejenga hospitali Lambaréné, Gabon, tangu mwaka 1913, akapewa tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Mwaka 1896 alipita Stuttgart, Ujerumani, kusikiliza kinanda kipya kilichosifiwa sana magazetini. Ulipopigwa muziki wa Bach, ambao ndani yake sauti kadhaa hufuatana kila moja kwa njia yake, hakuweza kuzipambanua. Alisikia vurugu tu. Akatafuta sababu miaka kumi, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kidogo cha kuwaonya waundaji kwamba nguvu si uzuri. Hata vinanda vya zamani vilivyotaka kuvunjwa alivitetea, kimojawapo kile cha Silbermann katika kanisa la Mtakatifu Thomas, Strasbourg.

Mzee wangu, somo hilo latufaa. Watu mia tatu wakiimba, sauti zao hufunika futi 8, na kumi zaidi za namna hiyo hazitawasaidia. Ni futi 4 na futi 2 zinazopita juu ya waimbaji na kuwaonyesha njia.

Kwa kanisa la kiasi, safu nane zatosha. Katika vibao vya kwanza wekeni prinsipali ya futi 8, filimbi iliyozibwa ya futi 8, prinsipali ya futi 4, na prinsipali ya futi 2. Katika vibao vya pili wekeni filimbi nyingine ya futi 8 iliyozibwa, sauti moja ya nyuzi ya futi 8, na filimbi ya futi 4. Mabomba ya vibao hivi vya pili yafungiwe katika sanduku lenye milango midogo ambayo mpigaji huifungua kwa mguu, ili sauti ikue au ififie. Kwa vibao vya miguu 30, safu moja iliyozibwa ya futi 16 yatosha. Jumla ni mabomba 457. Refu kabisa lakaribia futi 8, na fupi kabisa, sehemu yake inayolia haifiki inchi moja.

Wanaopenda radi watasema, mbona hakuna tarumbeta? Nafasi na iachwe katika sanduku, iongezwe fedha zikipatikana. Kinanda cha sauti nane zilizopatana chashinda cha ishirini zinazogombana.

La mwisho: msimalize akiba yote kwa kununua. Mbao hupasuka kwa ukavu na kuvimba kwa unyevu, mchwa hawana heshima kwa madhabahu, na mabomba hutaka kulinganishwa sauti kila mara. Tengeni fungu la fundi, na fungu la kumfundisha kijana wenu kupiga, kwa maana kinanda kisicho na mpigaji ni kabati la bei ghali. Na kama hesabu haitoshi, anzeni na safu nne za kweli. Haba na haba hujaza kibaba.