Msiisingizie pampu

Spana Mkononi, na Mzee wa Rhotia

Pampu ya mafuta iliyochoka haijitangazi Mto wa Mbu. Pale penye ndizi na vinyago barabara ni tambarare, na gari linakwenda kama limetoka bandarini jana. Aibu huanza kwenye kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Dereva anakanyaga, injini inakohoa, nguvu zinakatika, hata lori tupu linalofuata vitunguu Mang'ola linampita. Akilipumzisha gari dakika kumi, linawaka na kupanda kidogo. Likifika Karatu, mita 500 hivi juu zaidi, abiria wote wameshatoa hukumu: pampu.

Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno. Injini ikiwa tambarare hunywa kidogo. Mlimani inadai mafuta mengi kwa mkupuo, na hapo ndipo chochote kinachobana njia kutoka tangini hujulikana. Huenda ni pampu kweli. Huenda pia ni filta iliyojaa taka za dizeli ya vidumu, mpira uliochanika unaovuta upepo, au tundu la kupumulia tangi lililozibwa na vumbi jekundu. Mwenye gari anayenunua pampu kabla ya kubadili filta anacheza bahati nasibu, na Karatu wachezaji ni wengi.

Hata hivyo, pampu ikithibitika imekufa, mwenye Land Rover ya 300Tdi hana sababu ya kuvutwa hadi Arusha. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Uingereza Januari 2016, lakini huku bado ni gari la kazi, na watu wanaipenda kiasi kwamba Oktoba 2024 Arusha iliandaa Tamasha la Land Rover kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu zaidi wa Land Rover, iliyokuwa Ujerumani kwa magari 632. Sehemu ya mapenzi hayo inatokana na vitu vidogo kama pampu yake. Iko ubavuni mwa bloku, haitumii umeme, na imeshikwa na boliti mbili tu. Kamshafti inasukuma mkono wake, mkono unavuta kiwambo, kiwambo kinavuta dizeli. Kijana mwenye spana namba 13 na subira anaimaliza kabla ya chakula cha mchana, uani kwa mama yake.

Subira hiyo inahitajika mahali pawili. Kwanza, injini izungushwe kwa mkono mpaka nundu ya kamshafti iache kuusukuma mkono wa pampu. Asiyejua hilo hushindana na pampu inayokataa kukaa, akakaza boliti kwa nguvu na kuharibu meno yake. Pili ni kutoa upepo: skrubu ya juu ya filta inalegezwa, kile kiwiko kidogo cha pampu kinapigwa kwa kidole mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo stata iguswe. Wenye haraka hupiga stata mpaka betri inalala, kisha wanasema pampu mpya ni feki. Na kabla ya yote hayo, kijiti cha oili kichomolewe. Kiwambo kikipasuka, dizeli inaweza kuteremkia kwenye oili, na oili iliyozidi kipimo ikanuka dizeli imwagwe yote siku hiyohiyo.

Land Cruiser ya 1HZ, farasi wa safari za hifadhini, ina kisa chake. Haina pampu ya namna hiyo, kwa kuwa pampu yake ya nozo hujivutia mafuta yenyewe. Asubuhi ya baridi inapogoma kuwaka baada ya kulala, fundi mwenye tamaa huanza kuzungumzia pampu ya nozo, mzigo wa pesa nyingi. Mara nyingi mwizi ni ile pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono juu ya filta, ambayo mpira wake umechoka na unaingiza upepo.

Noah na RAV4 zisiingizwe katika mazungumzo haya. Pampu yao ni ya umeme, imezama tangini, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Mazoea ya kuweka mafuta ya elfu kumi na kutembea wiki nzima taa ikiwaka huiua polepole. Kuibadilisha nyumbani safu hii haishauri, labda kwa mtu aliyekwisha kuifanya chini ya macho ya fundi. Dizeli haishiki moto kirahisi mpaka ipashwe joto. Mvuke wa petroli hushika hata katika baridi ya Julai, nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori iliua zaidi ya watu 100. Anayethubutu aifanye kazi hiyo nje, ang'oe fyuzi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe ili presha iishe kwenye mabomba, kisha achomoe waya wa hasi wa betri.

Kosa likitokea Karatu mjini, hasara ni ya siku moja. Kreta ya Ngorongoro ni habari nyingine. Njia ya Lerai inapanda kama mita 600, abiria haruhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa, na magari yanatakiwa yawe yametoka kabla ya saa 12 jioni. Simba wa kule wamezoea kujilaza kwenye kivuli cha magari. Nani atafungua boneti?

Kwa hiyo mwenye Tdi aliyefunga pampu mpya leo, na kesho anashuka kreta kwa njia ya Seneto na wageni, kwanza aende Rhotia na kurudi, azime, alale chini ya gari na tochi. Zile boliti mbili ziwe kavu.